Tumbo la tanga ni kitu gani, na mbona ndilo la kuanza nalo ukichagua tanga kuu

Mtu akitafuta tanga jipya la mashua hapa Amu (Lamu) swali la kwanza huwa ni ukubwa, la pili bei, basi kamaliza. Tumbo halitajwi. Na mimi naona tumbo ndilo lingetangulia, manake matanga mawili ya ukubwa mmoja, nguo moja, fundi mmoja, yanaweza kwenda tofauti kabisa majini kwa sababu moja lina tumbo na jingine ni bapa.

Tumbo ni ule uvimbe wa tanga likishajaa upepo. Fikiria kamba imenyooshwa toka ukingo wa kwenye foromali, ule mti mrefu wa kulala unaoshika tanga, mpaka ukingo wa nyuma, halafu upime pale nguo ilipokwenda mbali zaidi na ile kamba. Kama upana hapo ni mita 5 na nguo imetoka sentimita 50 hiyo ni asilimia 10, tanga bapa bapa hilo, ikitoka sentimita 75 ni asilimia 15 na hapo ushafika kwenye tanga lenye tumbo hasa.

Sasa linafanya nini? Upepo ukitoka ubavuni au mbele kidogo, tanga halisukumwi tu, linafanya kazi kama bawa la ndege, yani upepo unapita mbio zaidi upande wa nje wa ule uvimbe, kanieneo, yani msukumo wa hewa, inashuka huko, chombo kinavutwa. Tumbo kubwa linatoa nguvu nyingi hata upepo ukiwa mdogo, na ukienda na upepo wa tezi, yani wa nyuma, ni raha tupu. Lakini jaribu kwenda joshi nalo, yani kuelekea upepo unakotoka, uone, ule ukingo wa mbele unaanza kupigapiga kabla hujakaribia upepo, ukilazimisha chombo kinalala na kinasukumwa upande badala ya kwenda mbele. Tanga bapa ni kinyume chake, linakaribia upepo vizuri na halilazi chombo sana, ila upepo ukilegea unakaa tu hapo.

Ndo maana msimu na njia yako vinaamua. Mtu anayeteremka Malindi wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, ana upepo nyuma yake njia nzima karibu, tumbo linamfaa. Lakini anayetoka mjini Amu kwenda Shela kila siku wakati wa kusi, upepo wa kusini, upepo unamjia usoni kwenye mkondo ule mwembamba kati ya Amu na kisiwa cha Manda, abishe huku abishe kule, yani aende kwa kupindapinda kuukabili upepo, na kila akigeuza lazima foromali ipitishwe mbele ya mlingoti iende upande wa pili. Huyo akiwa na tanga bapa anapunguza idadi ya kugeuza, na mabaharia wake watamshukuru. Tena kusi ya Juni na Julai si mchezo, upepo ukitoka noti 10 (kipimo cha kasi ya upepo) ukafika 20 nguvu yake juu ya tanga haiwi mara mbili, inakuwa mara 4. Mwenye uwezo awe na matanga mawili, kubwa lenye tumbo na dogo bapa la upepo mkali, kwa sababu vyombo vyetu upepo ukizidi kawaida ni kubadilisha tanga.

Tumbo linatoka wapi, hapa ndipo ufundi ulipo. Njia moja ni kukata ule ukingo wa foromali uwe na mviringo kidogo, ukishaufunga kwenye mti ulionyooka ile nguo ya ziada inarudi ndani inakuwa tumbo. Nyingine ni kupunguza upana wa vipande kuelekea mwisho kabla ya kuvishona pamoja. Lakini foromali yetu ni miti iliyoungwa kwa kamba, upepo ukikaza inapinda, na ikipinda inakula ule mviringo wote, tanga linakuwa bapa bila kutaka. Kwa hiyo fundi akikukatia tanga bila kuiona foromali yako anabahatisha.

Nguo nayo ina usemi. Marudufu ya pamba, ile nguo nzito ya matanga, inanyooka na umri, tumbo linakua halafu linahamia nyuma, na likishahamia nyuma usukani unakuwa mzito na chombo kinalala bure. Poliesta hainyooki sana, inashika umbo miaka, ila jua linaiua, ifunike ukiwa hutumii. Pamba adui yake ni unyevu, usiikunje ikiwa mbichi.

Na haya matanga ya yoti, zile mashua za starehe, yaliyotumika yanayouzwa bei poa, angalia sana. Mengi yamekatwa kwa mlingoti uliosimama wima, ukilifunga kwenye foromali iliyolala tumbo linakaa mahali sipo hata kama ukubwa ni ule ule. Lipandishe siku ya upepo wa wastani, kaa chini yake, upige picha na simu ukielekeza juu, mishono ndiyo itakuonyesha umbo. Sehemu yenye uvimbe mkubwa kabisa iwe kabla ya katikati au katikati yenyewe. Ikiwa nyuma zaidi ya hapo mrudishie mwenyewe, au hesabu kabisa na gharama ya fundi kulifumua na kulishona upya kabla hujatoa pesa.