Jangwani Kuna Ndege: Jibu kwa Dada Yangu na Wazazi Wenzake

Jumatano iliyopita, nikiwa kwenye ngazi za Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi baada ya matembezi ya asubuhi ya kutazama ndege, dada yangu alinipigia simu. Mwanawe, kijana wa miaka 15 ambaye nilimchukua likizo ya Desemba kwa safari ya siku tisa kupitia Mlima Kenya hadi Marsabit, amemwomba nauli ya kurudi kaskazini likizo ijayo, na mlima hautaki tena. "Kaka, mlimani nimeelewa, msitu upo na ndege wapo," dada aliniambia. "Lakini huko kwenye mawe na vumbi hakuna kitu. Anarudi kufanya nini?"

Kazi yangu ni kuwaongoza watazamaji wa ndege, na swali hilo nimeulizwa mara nyingi mno na wazazi, walimu, madereva, na hata watu wanaoning'iniza shingoni darubini yenye bei ya kununua pikipiki. Nitalijibu hapa mara moja, kisha kila atakayeuliza nitamtumia ukurasa huu.

Imani hiyo, kwamba jangwani hakuna kitu, ina sura mbili. Wapo wanaodhani jangwani hakuna ndege kabisa, na hao siwezi kuwalaumu sana, kwa kuwa wengi wao walipita Archer's Post, mji mdogo kwenye barabara ya Marsabit, saa nane mchana ndani ya basi, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Wanaoniudhi ni wale wa sura ya pili, wanaosema kwa upole kwamba ndege wapo, ila ni wachache na wote wana rangi ya udongo. Kauli hiyo imebeba ukweli kidogo, na ukweli huo kidogo ndio unaoifanya iwe ngumu kung'oa.

Mlima nitaupita haraka kwa sababu hauhitaji wakili. Tuliingia kwa lango la Sirimon, tukatembea msituni, kijana akamwona shorobo wa Hartlaub akifungua mabawa mekundu, akafurahi kama anavyofurahi kila mtu. Juu zaidi, kwenye mimea mikubwa ya milobelia, tulimkuta yule ndege aitwaye chozi, wa kijani mwenye mkia mrefu, Nectarinia johnstoni, ambaye huishi kwenye baridi ambayo wewe na mimi tunaivalia makoti mawili. Ila naomba msomaji atazame jambo moja ambalo sijawahi kusikia mzazi akililalamikia: kadiri unavyopanda kuelekea mita 4,000, ndivyo orodha ya ndege inavyofupika. Asubuhi nzima pale juu, daftari la kijana halikujaza hata nusu ukurasa. Siku tatu baadaye, kando ya mto Ewaso Ng'iro, kurasa mbili zilijaa kabla ya chai. Lakini mtu akishuka kutoka mlimani na aina kumi na mbili husema mlima ni mzuri, na akitoka jangwani na aina sitini husema kulikuwa na joto. Mandhari ndiyo anayoihesabu, na ndege amewasingizia.

Kutoka Timau hadi Isiolo ni mwendo usiofika saa mbili kwa gari, na ndani yake unashuka zaidi ya mita 1,000. Joto huongezeka kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazoshuka, na kwa kuwa mvua nyingi ya Mlima Kenya huanguka upande wa kusini na mashariki, upande wa kaskazini hubaki na masalio. Ndege hubadilika pamoja na hewa. Kijana alikuwa amewaona mbuni mara nyingi katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, madume yenye shingo na mapaja ya waridi, na alipomwona wa kwanza karibu na hifadhi ya Buffalo Springs aliniambia, "Mjomba, huyu ni mgonjwa?" Shingo na mapaja yalikuwa ya buluu ya kijivu. Huyo ni mbuni wa Kisomali, ambaye tangu 2014 shirika la kimataifa la uhifadhi wa ndege, BirdLife, humhesabu kuwa spishi inayojitegemea. Kwa hiyo hata yule ndege mkubwa kuliko wote duniani, ambaye mtoto wa Nairobi anadhani amemmaliza, ana mwenzake ambaye lazima umfuate huko kwenye ukame.

Sasa suala la saa, ambalo ndilo chanzo cha nusu ya upotovu huu. Joto la mwili wa ndege ni kama nyuzi 40 hadi 42, hana tezi za jasho, na akitaka kujipoza kwa kuhema au kwa kupepesa koo lazima atumie maji ambayo hana. Hewa inapokaribia joto la mwili wake, jambo la busara ni kutofanya lolote. Kuanzia saa nne asubuhi hadi karibu saa kumi alasiri, ndege wengi wa jangwani hukaa kimya chini ya kichaka, au hata kwenye kivuli cha jiwe lenye ukubwa wa sufuria. Anayepita saa hizo akatangaza kwamba hakuna ndege ni sawa na mtu anayeingia Gikomba saa nane usiku akatangaza kwamba Nairobi hakuna biashara. Mimi huamsha kundi langu saa kumi na moja, na vijana hununa. Saa kumi na mbili na nusu hakuna anayenuna.

Wanaoudhika na kuamka mapema hawajaona firigogo, ndege wa ukame wenye umbo kama la njiwa, wakija kunywa. Mchungaji mmoja wa Kisamburu tuliyemkuta njiani alituonyesha kidimbwi, akatuambia tusikikaribie na tusiende kabla ya saa mbili, kwa kuwa tungewahi bure. Kweli, baada ya saa mbili sauti zao zilisikika kabla ya wao kuonekana, kisha wakashuka makundi kwa makundi, wakanywa kwa sekunde chache, wakaondoka. Madume wachache walibaki nyuma, wakaingia majini hadi tumboni na kujitikisa. Manyoya ya tumbo ya dume yameumbwa kushika maji kama sifongo, na dume huyabeba maji hayo angani kwa kilomita nyingi hadi kwa vifaranga, ambao huyanyonya kutoka kwenye manyoya. Meade-Waldo, Mwingereza aliyewafuga ndege hawa, aliliandika jambo hili mwaka 1896, na wataalamu wengi hawakumwamini. Ilichukua hadi 1967 ndipo Cade na Maclean walipolithibitisha kwa ndege wa porini. Ninapowaza kwamba wasomi walihitaji miaka 71 kukubali kitu ambacho kila mwenye kidimbwi angeweza kukiona, hasira yangu kwa dada hupungua kidogo.

Kanga wa kaskazini, yule mwenye kichwa kitupu cha tumbusi na kifua cha buluu inayowaka, sitamweleza kwa urefu. Anayesema ndege wote wa ukame wana rangi ya udongo amtazame huyo, kisha aniombe radhi. Niongeze tu kwamba watafiti waliowafuatilia zaidi ya 400 huko kwenye kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, walionyesha mwaka 2019 kwamba makundi ya kanga hawa huungana na makundi mengine wanayoyachagua, mpangilio wa jamii ambao haukuwa umewahi kuthibitishwa kwa ndege yeyote.

Kuna pia wageni. Kaskazini ya Marsabit, karibu kila jiwe la tatu lilikuwa na ndege mdogo aliyesimama wima, ambaye akiruka huonyesha kiuno cheupe: Oenanthe oenanthe, na jamaa yake wa rangi ya mchanga, Oenanthe isabellina. Yule wa kwanza ana uzito wa gramu 25 hivi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wa ndege waliofungwa vifaa vidogo vya kurekodi mwanga, ulionyesha kwamba wale wanaozaliana Alaska huruka takriban kilomita 14,500 kupitia Asia ili waje kukaa Afrika Mashariki, kisha hurudi. Sikumwambia kijana kwamba aliyekuwa mbele yetu alitoka Alaska, maana sijui alikotoka, na viongozi wanaotoa vyeti vya kuzaliwa kwa kila ndege wananichosha. Nilimwambia tu kwamba wapo wanaovuka bara zima la Asia ili kufika mahali ambapo mama yake anasema hakuna kitu.

Kosa jingine ni kudhani kwamba mlima na jangwa ni maduka mawili yanayoshindana, na kwamba mtoto achague moja. Kutoka barabarani, siku hewa ikiwa safi, unaweza kuona vilele vilivyosimama peke yake katikati ya ukame, vikiwa na msitu wa ukungu juu. Kinengenenge wa Mlima Kulal, ndege mdogo wa manjano na kijani mwenye pete nyeupe kuzunguka jicho, hukaa kwenye msitu wa mlima huo na hapatikani kwingine. Amekuwa wa pekee kwa sababu jangwa linamzunguka kama bahari inavyozunguka kisiwa, wala hawezi kuvuka kwenda kuoana na binamu zake wa milima mingine. Ondoa jangwa, na huyo ndege wa mlimani mnayemsifu hatakuwepo. Kama ni spishi kamili au ni nususpishi, hapo vitabu huandika kwa uhakika ambao mimi sina. Orodha hugombana, nami nimebadilisha hesabu yangu ya ndege wa Kenya mara mbili kwa ajili yake bila yeye kubadilika hata unyoya.

Nifike kwa vipozamataza, ndege wadogo wanaoishi chini ardhini, ambao ndio sababu halisi ya kijana kutaka kurudi, na ndio sababu halisi ya watu kusema kwamba ndege wa jangwani wote ni sawa. Ni kweli kwamba wanafanana. Lakini kufanana huko kuna kazi. Kipozamataza hana mti wa kujifichia, kwa hiyo hujificha juu ya udongo wenyewe, na katika spishi nyingi wanaoishi kwenye udongo mwekundu huwa wekundu, na wanaoishi kwenye udongo wa kijivu huwa wa kijivu. Maana yake ni kwamba rangi, kitu cha kwanza ambacho kila anayeanza hukishika, mara nyingi hukuambia habari za ardhi kuliko za ndege. Tena jua hupausha manyoya, upepo wa mchanga huyakwangua, na ndege aliyepigwa na miezi minane ya jua anaweza kutofautiana na picha ya kitabuni kuliko anavyotofautiana na spishi ya jirani. Nimewaona watu wakibishana nusu saa juu ya michirizi ya kifuani ambayo ingekwisha baada ya ndege kubadilisha manyoya.

Kinachosaidia ni umbo la mdomo, urefu wa mkia, namna anavyotembea, nyasi aliyoichagua, na zaidi ya yote wimbo, ambao dume huuimba zaidi baada ya mvua na mara nyingi akiwa angani. Akinyamaza, mtaalamu na mwanafunzi hulingana kwa kiasi kikubwa kuliko mtaalamu anavyopenda kukiri. Mfano ni kipozamataza wa Williams, Mirafra williamsi, aliyepewa jina la John Williams, aliyekuwa msimamizi wa ndege katika jumba lile lile la makumbusho ninapoanzia matembezi yangu, enzi likiitwa Coryndon. Ndege huyo ni wa Kenya pekee. Hajulikani kwingineko duniani isipokuwa kwenye nyanda za mawe meusi kaskazini ya Marsabit na kwenye ukame kati ya Isiolo na Garba Tula. Wakenya wanaomjua ni wachache, na mahali anapoishi ndipo panapoitwa pasipo kitu.

Tulimtafuta kwa asubuhi mbili huko Dida Galgalu, kwenye nyanda hizo za mawe meusi. Lami sasa inafika hadi Moyale, kwa hiyo kufika si tatizo tena. Usalama huulizwa Marsabit kabla ya kuondoka, maji ni lita tano kwa mtu kwa siku, na asiyevaa kofia habebwi. Asubuhi ya pili, ndege aliinuka kwenye vichaka vifupi, akaruka mita ishirini, akatua, akatembea kati ya mawe. Niliona mdomo, niliona kiasi cha mkia, nikasema kwa sauti ya mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, "Huyo ndiye."

Kijana hakuondoa darubini machoni. "Mjomba, umejuaje kwamba si Mirafra cantillans?"

Huyo ni kipozamataza mwingine anayefanana naye. Nilifungua kinywa kujibu, nikakuta kwamba jibu langu kubwa lilikuwa ni mahali tulipokuwa tumesimama. Tulikuwa pale ambapo ndege huyo anapaswa kuwa, nami nilikuwa nimesafiri kilomita mia kadhaa nikitaka awe yeye. Hakuimba. Tulingoja hadi saa nne na dakika kumi, mawe yalipoanza kuchoma kupitia soli za viatu, na hakuimba. Nilikwisha kuandika jina lake kwenye daftari langu. Kijana aliandika saa, mahali, aina ya vichaka, "mdomo mnene kiasi," na alama ya kuuliza, na sasa anataka kurudi mvua zitakapokuwa zimenyesha, ndege wanapoimba. Dada, hiyo ndiyo nauli unayoombwa.