Mzunguko ndani ya mzunguko: dhana potofu na ukweli

Chukulia programu ya Python (lugha ya kuandikia programu), iliyoandikwa na mwanagenzi, inayooanisha malipo ya ada na wanafunzi wa shule moja. Wanafunzi ni 2,000 na malipo ni 6,000, na kwa kila mwanafunzi programu hupitia malipo yote ikitafuta namba yake ya usajili. Huu ni mzunguko (sehemu ya programu inayorudia hatua zilezile) ndani ya mwingine, na ulinganisho hufanyika mara 12,000,000. Wakati wa majaribio, kwa wanafunzi 10 na malipo 30, ulifanyika mara 300 tu, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Dhana: Dawa ni kompyuta yenye kasi zaidi. Orodha zote mbili zikiongezeka maradufu, kazi huongezeka mara nne. Kompyuta yenye kasi maradufu, kwa muda uleule, itamudu orodha zilizorefuka kwa takribani asilimia 41 pekee.

Dhana: Kila mzunguko uliowekwa ndani ya mwingine ni kosa. Jedwali la kuzidisha la 12 kwa 12 lina visanduku 144 na kila kimoja lazima kijazwe, kwa hiyo hapo hakuna kazi inayorudiwa. Kosa ni kutafuta upya jambo ambalo programu ilikwisha kulipitia.

Dhana: Ikibaki `for` moja (neno linaloanzisha mzunguko), tatizo limekwisha. Hii ndiyo dhana inayodanganya wengi, kwa sababu msimbo huonekana mfupi na safi. Neno `in`, linalouliza kama kitu kimo, linapotumiwa kwenye orodha huikagua kipengele kwa kipengele, na `count` (huhesabu kitu kimo mara ngapi) na `index` (hutafuta nafasi yake) hufanya vivyo hivyo. Mzunguko wa pili bado upo, ila umefichwa. Kinachoondoa marudio ni kujenga kamusi ya Python (hifadhi inayounganisha kila ufunguo na thamani yake) mara moja kabla ya mzunguko, ufunguo ukiwa namba ya usajili na thamani ikiwa orodha ya malipo yote ya mwanafunzi huyo, maana wazazi wengi hulipa kwa awamu. Kuijenga ni hatua 6,000 na kuisoma ni hatua 2,000. Kamusi hukokotoa mahali pa kuhifadhi kutokana na ufunguo wenyewe, hivyo kwa wastani muda wa kutafuta hauongezeki data inapoongezeka. Wazo hilo Hans Peter Luhn wa IBM aliliandika mwaka 1953.

Hata hivyo, mahali pa kuijenga ni muhimu. Anayeandika `if namba in set(malipo)` ndani ya mzunguko huunda seti mpya (mkusanyiko usiorudia kitu, unaotafutwa kwa haraka kama kamusi) kila mara kwa kupitia malipo yote, na mara nyingi programu yake huwa nzito kuliko ile ya awali.

Dhana: `break`, amri ya kukatisha mzunguko, inatosha. Husaidia namba inapopatikana mapema. Isipopatikana, orodha yote hupitiwa. Katika mfano wetu ingeharibu hata jibu, kwa kuwa ingechukua awamu ya kwanza na kuziacha zilizobaki.

Dhana: Kufungua faili upya ndani ya mzunguko ni suluhisho. Faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi yanayotenganishwa kwa mkato), lenye malipo, likifunguliwa nje ya mzunguko na kusomwa ndani, mwanafunzi wa kwanza hupata malipo yake na wengine wote hukosa, kwa sababu faili lililosomwa hadi mwisho halirudi mwanzo lenyewe. Mwanagenzi huihamishia `open`, amri ya kufungua faili, ndani, jibu linakuwa sahihi, na faili linasomwa mara 2,000. Lisomwe mara moja tu, likijaza kamusi.

Jambo moja huwashangaza wanaohamia kwenye kamusi: malipo yanaonekana kutoweka. Namba iliyosomwa kutoka CSV ni maandishi, na kwa Python maandishi "412" si sawa na namba kamili 412. Huenda programu ya zamani ilificha tofauti hiyo kwa kuita `int()`, inayogeuza maandishi kuwa namba kamili, ndani ya mzunguko wa pili, mara 12,000,000. Ubadilishaji huo ufanywe wakati wa kujaza kamusi, kisha majibu ya programu zote mbili yalinganishwe kwa data ileile kabla ya kufuta ya zamani.