Bajeti kupita si pesa kufika: dhana potofu kuhusu fedha za kaunti

Kuna maneno ambayo nayajua mpaka naweza kuyamalizia kabla msemaji hajafika mwisho: "Mradi wetu uko kwenye bajeti, pesa zilitoka, wamekula." Husemwa na mzee aliyeshika nakala ya ukurasa mmoja wa bajeti, yakarudiwa na mwalimu mstaafu, halafu vijana wa bodaboda wakaitikia kwa makofi. Siku hizi hata watangazaji wa redio za mashinani huyasema asubuhi kama habari. Kazi yangu ni kufundisha kamati za wadi na vikundi vya wananchi kusoma bajeti za kaunti hapa Kenya, na uvumilivu wangu kwa maneno hayo umeisha.

Si kwamba wizi haupo. Upo, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huuandikia kurasa nyingi kila mwaka. Ila mwananchi anayedai pesa ambazo hazijawahi kuingia humpa mwizi wa kweli nafasi ya kupumua. Afisa anatoa taarifa ya benki, anaonyesha kwamba hakuna kilichopokelewa, baraza linanywea, na yule aliyeongeza bei ya tenda ya mwaka juzi anarudi nyumbani bila kuulizwa chochote.

"Bajeti imepitishwa, kwa hiyo pesa zipo"

Hii ndiyo mama wa dhana potofu zote, na nitakaa nayo.

Bajeti ya kaunti ni makadirio na ruhusa, basi. Makadirio ya mapato yanayotarajiwa, na ruhusa ya bunge la kaunti kwamba pesa zikipatikana zitumike hivi na si vingine. Inapaswa kupitishwa kufikia Juni 30. Julai 1 mwaka mpya wa fedha unaanza, na asubuhi hiyo kitabu cha bajeti hakijaongeza hata senti kwenye akaunti. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua kadi ya ahadi ni nini na bahasha iliyo mkononi mwa mweka hazina ni nini. Hakuna anayekodi hema kwa kadi za ahadi, lakini watu walewale wanataka barabara iwekwe murami kwa kadi za ahadi.

Fuateni njia yenyewe. Ushuru unakusanywa na serikali ya kitaifa. Bunge linapitisha Sheria ya Ugavi wa Mapato, inayosema kaunti zote 47 kwa pamoja zinapata kiasi gani. Kisha inakuja sheria nyingine ya kugawa kiasi hicho kaunti kwa kaunti, kwa mfumo ambao Seneti huuweka. Wizara ya Fedha ndiyo hutuma pesa, na huzituma kwa awamu, kwa ratiba. Zinaingia kwenye Mfuko wa Mapato ya Kaunti ulio Benki Kuu, na hapo pia gavana hawezi kuzigusa. Kifungu cha 207 cha Katiba kinasema hakuna kinachotoka kwenye mfuko huo bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Kaunti inaandika ombi ikieleza inataka kulipa nini, Mdhibiti analinganisha na bajeti iliyopitishwa, anakubali au anarudisha. Akikubali, pesa zinahamia akaunti ya matumizi, na hapo tu ndipo mwanakandarasi aliyekamilisha kazi na kuidhinishwa na mhandisi anaweza kulipwa. Mkwamo unaweza kutokea kwenye kituo chochote kati ya hivyo.

Na hutokea. Mfano mzuri zaidi ni wa 2024. Kaunti zilitayarisha bajeti zikitegemea kugawana shilingi bilioni 400.1, kwa sababu ndicho kiasi sheria ilichotaja. Maandamano ya Juni yakaja, Mswada wa Fedha ukaondolewa, na Wizara ya Fedha ikataka kiasi hicho kishuke hadi bilioni 380. Wabunge na maseneta wakavutana kwa miezi hadi wakakubaliana bilioni 387.425. Wakati huo wote vitabu vya bajeti vilikuwa tayari vimechapishwa, vina majina ya zahanati, visima na madaraja, na watu wanapiga simu kuuliza daraja lao liko wapi. Bajeti ya nyongeza ilipokuja kukata, ilikata kwenye miradi. Mishahara haikatwi.

Hilo la mishahara ndilo watu hawapendi kusikia. Pesa zikichelewa miezi miwili kisha zikaja kidogo, wauguzi, madaktari na wafanyakazi wengine hulipwa kwanza, maana wasipolipwa wanagoma, na mgomo unaonekana kwenye runinga jioni hiyohiyo. Mtaro wa maji ya mvua haugomi. Ndiyo sababu ripoti za Mdhibiti za robo ya kwanza ya mwaka mara nyingi huonyesha kaunti kadhaa ambazo hazijatumia hata shilingi moja kwa maendeleo. Sheria inadai maendeleo yapewe angalau asilimia 30 ya bajeti. Kuandikiwa asilimia 30 na kutumia asilimia 30 ni mambo mawili.

Kuna ujanja mwingine, na hapa lawama ni ya kaunti zenyewe. Mapato ya ndani, yaani ada za maegesho, leseni za biashara, kodi ya ardhi na ushuru wa masoko, hukadiriwa kwa ukarimu wa ajabu. Kila mwakilishi wadi anataka miradi yake iingie, karatasi haina nafasi, basi afisa anaongeza makadirio ya ushuru na miradi yote inaenea. Kila mtu anapiga makofi mwezi wa Juni. Mwaka unapoisha lengo halijafikiwa, na miradi iliyotundikwa kwenye hewa hiyo inaanguka, au mbaya zaidi, inatekelezwa kwa mkopo wa mwanakandarasi asiyejua atalipwa lini. Madeni ya namna hii yaliyolimbikizwa na kaunti zote yalipita shilingi bilioni 180 kufikia Juni 2024. Mkitaka kuwakasirikia watu, hapo pana haki ya hasira: mlipotoshwa tangu siku ya kwanza, na mnaweza kuthibitisha kwa kulinganisha makadirio ya mwaka huu na makusanyo halisi ya mwaka jana.

Nichukue kisima kimoja ninachokifahamu. Kwenye kitabu kimepewa mstari mmoja: uchimbaji wa kisima, jina la kijiji, kiasi. Mashine ilikuja karibu na mwisho wa mwaka wa fedha, ikachimba, maji yakapatikana, mdomo wa bomba ukafungwa kwa kifuniko cha chuma, mashine ikaondoka. Baraza lililofuata likawaka moto. "Mwalimu, tuambie ukweli, pampu yetu iko kwa nani?" akauliza mama mmoja, na wote wakamgeukia msimamizi wa wadi kana kwamba ameificha chini ya kitanda. Pampu haikuwa kwa mtu. Mstari ule ulisema uchimbaji na hakuna zaidi: si pampu, si paneli za sola, si tangi, si kioski cha maji. Vitu hivyo havikuombwa, na kwa hiyo havikupangwa. Mwaka uliofuata vikaombwa. Laiti mtu angesoma mstari wenyewe badala ya kutafuta jina la kijiji chake kisha kufunga kitabu, miezi mingi ingeokolewa.

Basi ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wameuchoka: msije barazani na kitabu cha bajeti peke yake. Njooni na ripoti ya utekelezaji. Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti za robo mwaka zenye sura ya kila kaunti, ziko kwenye tovuti yake, hazilipiwi. Humo mna kiasi kilichotarajiwa, kilichopokelewa na kilichotumika, idara kwa idara. Ikionyesha idara ya maji haikupata pesa za maendeleo, peleka hasira kwa Wizara ya Fedha au kwa waliopika makadirio. Ikionyesha zilipokelewa na zikatumika, na ninyi hamjaona hata toroli, hapo sasa ulizeni kwa sauti: nani alipewa tenda, nani alitia sahihi kwamba kazi imekamilika, hati ya malipo iko wapi. Afisa akikwepa, andikeni barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Anatakiwa kujibu ndani ya siku 21, barua inaweza kuwa kwa Kiswahili, na halazimiki mtu kueleza anaitakia nini habari hiyo.

Mengine yaliyobaki sitayapa muda mrefu.

"Pesa zisipotumika kufikia Juni zinarudi Nairobi." Hapana. Hii husemwa na maafisa wanaotaka kuhalalisha manunuzi ya haraka ya mwezi wa Juni. Idhini ya kutumia ndiyo huisha mwaka unapofungwa. Mgao ambao kaunti ilishapokea hubaki kwenye Mfuko wake wa Mapato na kupangiwa upya katika bajeti inayofuata. Ukisikia "tulipe haraka zisirudi", kaa macho.

"MCA wetu amepewa pesa za wadi." Mwakilishi wadi hutunga sheria, hupitisha bajeti na husimamia serikali ya kaunti. Hatoi tenda, halipi mwanakandarasi. Hata kaunti zenye hazina ya maendeleo ya wadi, utekelezaji ni wa serikali ya kaunti. Wadi ziko 1,450 nchini, na katika nyingi ya hizo mheshimiwa mwenyewe ndiye anayelea uongo huu, kwa kusimama mbele ya kila darasa la chekechea lililopakwa rangi na kusema "nimewaletea". Ukikubali sifa ambazo si zako, usishangae ukipewa lawama ambazo si zako.

"Gavana amekataa kujengea watoto wetu madarasa." Ya shule ya msingi na sekondari si yake. Jedwali la Nne la Katiba limempa chekechea na vyuo vya kiufundi vya vijijini. Madarasa ya msingi mengi hujengwa na hazina ya maeneobunge, na wa kuulizwa hapo ni mbunge. Polisi, chifu na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti, maji, masoko, taa za mitaani, kilimo na barabara za kaunti: hayo mdai gavana usiku na mchana. Barabara zina utata wao, kwa kuwa mashirika ya kitaifa na kaunti bado yanagombania nani atunze ipi na nani ashike ushuru wa mafuta, kwa hiyo uliza kwanza barabara yenu imesajiliwa chini ya nani.

"Kaunti hupewa asilimia 15 ya kodi yote." Hiyo ni sakafu, si dari, na huhesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Kwa mwaka wa 2023/24 hesabu zilizotumika zilikuwa za miaka ya nyuma, na mgao wa bilioni 385.4 ulikuwa karibu robo yake. Linganisha na kodi inayokusanywa leo na asilimia hiyo inapungua sana. Wanasiasa wa pande zote mbili hutumia ile inayowafaa.

"Kuna pesa za Benki ya Dunia, wanunue dawa." Ruzuku zenye masharti hukaa kwenye akaunti yake na kazi yake. Pesa za mradi wa tabianchi hazinunui dawa, hata zahanati ikiwa tupu. Swali zuri ni lingine: hospitali yenu inatumiaje ada inazokusanya? Sheria iliyopitishwa 2023 inaziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yake na kuyatumia papo hapo badala ya kuyapeleka makao makuu ya kaunti. Muulizeni mwenyekiti wa bodi ya hospitali, si gavana.

"Mkutano wa kutoa maoni ni wa kupitisha tu, hausaidii." Kwa wanaofika Aprili na Mei, ni kweli kiasi, na ni kosa la kalenda. Wakati huo makadirio yameshaandikwa na viwango vya idara vilishawekwa kwenye waraka wa sera ya fedha uliofika bunge la kaunti kufikia Februari 28. Mradi mpya ukiletwa Mei unabidi ufukuze mwingine, na mwenye huo mwingine pia yuko ukumbini. Mlango ulio wazi ni mpango wa maendeleo wa kila mwaka, ambao lazima uwasilishwe kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, karibu miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha unaouhusu. Hapo karibu hakuna anayekuja. Nimeona kumbi zenye viti vingi kuliko watu. Makueni ilijenga jina kwa kuanzia chini kabisa, kijiji kwanza, kisha makundi ya vijiji, hadi wadi na kaunti, na kamati za wananchi kufuatilia ujenzi. Haikuhitaji sheria ambayo kaunti nyingine hazina.

Kwa hiyo kama kijiji chenu kinataka kitu mwaka ujao, andikeni kabla ya Agosti kwisha. Tajeni mahali hasa, ardhi ni ya nani na kama ina hati, watu wangapi watatumia, na kila kipande cha kazi kwa jina lake. Barua iende idara ya mipango ya kaunti, nakala kwa karani wa bunge la kaunti, na mhakikishe nakala mnayobaki nayo imepigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.