Kadi mbili za bima si bima mara mbili

Wengi, hata ndugu zetu waliozeekea Marekani, huamini kwamba mzee mwenye Medicare na Medicaid, bima mbili za afya za umma huko, kwa pamoja hana shida tena. Wapi! Mipango hiyo ilizaliwa kwa sheria moja mwaka 1965, lakini Medicare ni ya serikali kuu, kwa wenye miaka 65 na zaidi na baadhi ya watu wenye ulemavu. Medicaid, ya wenye kipato kidogo, kila jimbo huiendesha kwa kanuni zake.

Chukua kiti cha magurudumu cha umeme. Medicare huangalia kama mgonjwa anakihitaji ndani ya nyumba. Medicaid huweza kuzingatia pia safari za nje, ila yenyewe hulipa mwisho, hivyo muuzaji mara nyingi husubiri kwanza barua ya Medicare ya kukataa. Mgonjwa yuko kitandani, makaratasi yanazunguka.

Halafu kuna pesa, na kwangu hapo ndipo penye kiini. Jimbo likimlipia mtu, kupitia Medicaid, msaidizi wa nyumbani asianguke, gharama ya hospitali inayookolewa kwa sehemu kubwa ni ya Medicare. Jimbo lihangaike kwa faida ya nani?

Wengine huhofia kuwa kuunganisha mipango hii miwili ni kupokonywa haki. Lakini tazama PACE: mpango huu wa kuwahudumia wazee, uliotokana na kituo cha On Lok cha San Francisco, hutia fedha za pande zote kapu moja. Daktari, muuguzi, hata dereva ni timu moja. Kujiunga ni hiari, kuanzia miaka 55, kwa anayehitaji uangalizi wa kiwango cha makao ya wauguzi, ingawa utalazimika kutumia madaktari wao. Na haupo kila jimbo.