Uchavushaji ni nini, na mbona watu wanauchanganya na urutubishaji

Haya maneno mawili mimi mwenyewe niliyabeba kama kitu kimoja miaka yote ya shule, mpaka siku nimekaa namenya hindi bichi nikalitazama vizuri.

Uchavushaji ni safari tu. Chavua, ule unga wa njano unaokushika kidoleni ukigusa ua, inatoka sehemu ya kiume na kutua kwenye stigma, ile ncha ya sehemu ya kike, basi, uchavushaji umeisha. Imeletwa na nyuki, popo, upepo, haijalishi. Urutubishaji unakuja baadaye, mbegu ya kiume iliyobebwa na chavua ikishakutana na yai huko ndani ya ua.

Sasa chukua mhindi. Kule juu kabisa kuna mbelewele, hilo ndo dume, na zile ndevu zinazochomoza kwenye hindi changa ndo jike. Kila unywele mmoja wa ndevu umeungana na punje moja, moja tu! Chembe ya chavua ikidondokea unywele inaota kamrija kembamba kanakopenya humo ndani kwa ndani kushuka chini, safari ya hata sentimita 20, na ndani ya siku moja hivi kanafika kwenye yai ndo punje inatungwa. Unywele uliokosa chavua punje yake haijai, ndo maana unakuta hindi lina mapengo kama mtoto anayeng'oka meno.

Na mmea usipozaa sisi tumeisha, maana mimea ndo inayotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kutuachia oksijeni, mla nyama naye anakula aliyekula majani. (Ipo inayozaliana bila kupitia ua, migomba inatoa machipukizi na mihogo unapanda kipande cha shina, ila hao watoto ni kopi ya mzazi, ugonjwa ukimweza mmoja umewaweza wote.)

Vanila sasa ndo kichekesho. Ilitolewa kwao Meksiko ikapandwa kisiwa cha Réunion, huku Bahari ya Hindi, ikachanua vizuri tu lakini matunda hakuna, kwa sababu wadudu wa kuichavusha walibaki kule Meksiko. Mwaka 1841 kijana wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa, Edmond Albius, akaonyesha kwamba ukiinua kale kangozi kanakotenganisha dume na jike kwa kijiti, kisha ukavibana kwa kidole gumba, tunda linashika. Mpaka leo vanila nyingi inachavushwa hivyo hivyo kwa mkono, ua moja moja, tena asubuhi, maana lililofunguka leo kesho limeshanyauka.