Ged sio mzungu, jamani

"Hapana kaka, hizi stori za wazungu wachawi mi haziniingii." Nauza vitabu vya mitumba hapa Posta, fantasia na sayansi ya kubuni ndo ninachokijua, na kauli hii nimeisikia kwa wanafunzi wa chuo, kwa walimu, hadi kwa mama mmoja anayesoma kutuzidi wote. Na karibu kila mara aliyeitoa kashika mkononi A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin. Naandika leo ili nikiambiwa tena nitume linki tu.

Ged, kijana mchawi ambaye ndo mhusika mkuu wa kitabu hicho, ana ngozi ya kahawia yenye wekundu wa shaba, na ndivyo walivyo wengi kwenye visiwa vya Earthsea, dunia ya kubuni ya stori hii. Rafiki yake Vetch ni mweusi kabisa. Imeandikwa kitabuni tangu 1968, sio mimi nimeota.

Sasa hapa naomba utulivu, maana hata wanaokubali wanakubali vibaya, eti "basi mwandishi kasahau kututajia mapema". Hajasahau! Angalia anavyocheza. Sura ya kwanza rangi inatajwa, ila sio ya Ged, ni ya Wakarg, wale wanaokuja na meli kuchoma vijiji: weupe, nywele za njano, wakali. Yaani wazungu wa kitabu hiki ndo wavamizi, na Ged, bado mtoto wa kijijini, anawapoteza kwenye ukungu. Ya Ogion, mwalimu wake, inapita juujuu, kwamba ni wa rangi ya shaba iliyokolea kama watu wengi wa Gont, kisiwa alikozaliwa Ged. Ya Ged mwenyewe inakuja Roke, kisiwa chenye shule ya wachawi, tena sio yeye anayeelezwa, anaelezwa Vetch, kwamba ni mweusi na sio mwekundu kama Ged na wenzake, nusu sentensi hiyo halafu stori inasonga. Kufikia hapo msomaji mweupe wa Marekani ya 1968 ameshampenda huyu kijana, ameshapanda naye meli, atamkana vipi? Le Guin alikuja kusema wazi kwamba mpango wake wa rangi ulikuwa wa makusudi tangu mwanzo.

Ila alifanya kimyakimya mno, na hapo ndo kava zikamponza. Miaka na miaka wachoraji wamemtoa Ged mweupe pee. 2004 ikatoka tamthilia ya televisheni Marekani, Ged akachezwa na mzungu, Ogion akapewa Danny Glover, wakaona hapo wamemaliza deni. Le Guin aliandika kulalamika mwezi uleule, na alikuwa na hasira, nami namwelewa.

Sisi wa Dar ndo wa kushangaza zaidi. Kitabu kikiwa cha Kiingereza na kina joka ndani, tayari kila mtu ni mzungu na kuna theluji. Halafu hao hao Kusadikika wameisoma, nchi inayoelea hewani, wajumbe 6 wanatumwa pande zote hadi mbinguni, Adili na Nduguze nayo wameisoma, ndugu wanageuzwa manyani, hakuna aliyesema mambo ya wazungu. Wakati Earthsea ni visiwa vitupu na matanga, na mchawi anayeheshimika ni yule anayejua kuuita upepo. Mtu wa pwani anashindwaje kujisikia nyumbani humo?

Lakini kuna kitu kinanisumbua, nakisema. Rangi ya Ged haifanyi kazi yoyote kwenye stori. Hakuna anayemnyanyasa kwayo. Siku nyingine naona huo ndo ushindi wenyewe, mtu asiye mzungu anapewa kiburi, hofu na kosa kubwa kama binadamu yeyote bila kubebeshwa somo. Siku nyingine naona ni rangi ya ukutani tu, na aliyeipaka ni mama mweupe wa California ambaye busara yake imetoka zaidi kwa Watao wa China, hadi Tao Te Ching, kitabu chao cha hekima, aliitoa kwa Kiingereza chake mwaka 1997. Kwa hiyo ukiniambia "sio mzungu, ila hata sio sisi", hapo umeongea. Tukae tubishane.

Na wanaorudi na "kumbe alikuwa anawachukia wazungu", soma The Tombs of Atuan, kitabu cha pili cha mfululizo huu. Mhusika mkuu ni Tenar, binti mweupe wa Kikarg aliyechukuliwa mdogo kutumikia giza la makaburini, na utamwonea huruma kupita huyo Ged wako. Tehanu ya 1990, kitabu cha nne, ndo kila mtu anailalamikia, Ged hana tena uchawi, Tenar mjane, hakuna vita. Kitabu cha kwanza kina msemo kwamba uchawi wa wanawake ni dhaifu na ni muovu. Aliuandika yeye mwenyewe, na miaka 22 baadaye kaja kuujibu. Anayesema Tehanu imeharibu mfululizo aniambie kwanza kama Tombs aliimaliza, maana wengi nikiwauliza hivyo wanabadilisha mada.