Beji ya Ujuzi kwa Skauti Wadogo wa Kike: Maana Yake na Inavyopatikana

Beji ya ujuzi ni kipande kidogo cha kitambaa kilichotariziwa alama, anachopewa skauti wa kike na kukishonea kwenye sare baada ya kukamilisha shughuli kadhaa za fani moja: kupika, kushona, huduma ya kwanza, kusoma ramani, kutunza mimea, kuogelea. Kila fani ina alama yake, na kila alama ina masharti yake yaliyoandikwa, ili anayeitafuta ajue tangu mwanzo anatakiwa kufanya nini.

Watu huichanganya na beji nyingine zinazokaa kwenye sare hiyohiyo. Ipo beji ya ahadi, anayovaa msichana akishaapishwa kuwa mwanachama. Ipo ya uongozi wa kikosi, na zipo za kumbukumbu, mtu akishiriki kambi au sherehe fulani. Hizo za kumbukumbu zinasema "nilikuwepo". Beji ya ujuzi inasema "nimefanya", na tofauti hiyo ndiyo ningependa kila mzazi na kila kiongozi mpya aishike, maana ikipotea, beji zinageuka mapambo.

Kwa wasichana, habari hii ilianza kwa wao wenyewe kudai. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, alifanya kambi yake ya majaribio mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, na ilikuwa ya wavulana. Miaka miwili baadaye, kwenye mkusanyiko mkubwa wa skauti pale Crystal Palace, London, wasichana walijitokeza wamevaa sare walizojitengenezea, wakitaka nao wahesabiwe. Mwaka 1910 chama chao kikaanzishwa, kikiongozwa na Agnes, dada yake Robert. Marekani ilifuata mwaka 1912, Juliette Gordon Low alipoanzisha kundi la kwanza mjini Savannah. Huko Uingereza, tawi la wasichana wadogo lilikuja mwaka 1914 kwa jina la Rosebuds, yaani vichipukizi vya waridi. Jina hilo halikuwapendeza wenyewe, na mwaka uliofuata wakaitwa Brownies, jina la viumbe wa ngano wanaosaidia kazi za nyumbani usiku watu wakiwa wamelala. Mimi naona walichagua vema: waridi hutazamwa, lakini Brownie ana kazi ya kufanya.

Sasa, mtoto wa miaka saba au minane tunamdai nini hasa? Hapa ndipo viongozi wengi hukosea, ama kwa kulegeza mno au kwa kukaza mno. Girl Scouts wa Marekani walikuwa na jibu zuri. Kuanzia mwaka 1986 beji za Brownies wao ziliitwa "Try-It", maana yake "jaribu". Mtoto hakulazimika kubobea, alitakiwa ashike, ajaribu, amalize. Mwaka 2011 utaratibu ulibadilishwa: beji ikawa na hatua tano, na kwenye kila hatua msichana huchagua mwenyewe njia ya kuitimiza kati ya kadhaa zilizopendekezwa. Uchaguzi huo si jambo dogo. Mtoto aliyechagua shughuli yake huimaliza hata ikimchosha, kwa sababu ni yake.

Tuchukue huduma ya kwanza, kwenye kuufunga mkono ulioumia kwa kitambaa cha pembetatu. Kwa maelezo ya mdomo ni kazi ya dakika mbili. Mpe mtoto kitambaa uone. Kwanza anakigeuza kila upande akitafuta ile pembe inayopaswa kuelekea kwenye kiwiko. Ncha ya juu inapita begani upande wa mkono mzima na kuzunguka nyuma ya shingo, ya chini inapandishwa juu ya mkono ulioumia, kisha zote mbili zinakutana karibu na mtulinga. Halafu linakuja fundo: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Akirudia upande uleule mara mbili, fundo linakaa mshazari na litateleza. Akipatia, linalala bapa, halimchomi mgonjwa, na kulifungua ni rahisi. Mwisho anaacha vidole nje, anabonyeza ukucha wa mwenzake na kutazama kama rangi inarudi upesi, ajue damu inapita.

Humo mna mambo mengi kuliko fundo. Mtoto amejifunza kumuuliza mwenzake "Inakuuma?" kabla ya kuvuta. Amekosea, akafungua, akaanza upya huku anatazamwa na wenzake bila kuchekwa. Kiongozi anayeona anachelewa na kumshika mikono amfungie amemnyang'anya beji, hata kama jioni ataitoa. Kaa na mikono nyuma. Mwonyeshe kwa kitambaa chako mwenyewe, polepole, kisha usubiri.

Kuhusu vifaa sina mengi ya kusema, kwani beji nyingi za umri huu hazihitaji vya gharama. Usalama ni habari nyingine. Penye kisu, moto au maji, lazima awepo mtu mzima mwenye uzoefu, karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono, na asiwe na kazi nyingine wakati huo. Wazazi wajulishwe mapema.

Masharti nayo yasomwe kwa akili. Msichana asiyeweza kutumia mkono mmoja anaweza kumwelekeza mwenzake hatua kwa hatua mpaka fundo likae, na kwa kweli anayeweza kueleza jambo hivyo analijua vizuri. Beji ni yake kihalali. Lakini kubadilisha sharti limfae mtoto si sawa na kulifuta ili kundi zima livae beji siku moja. Mmoja akimaliza wiki hii na mwingine mwezi ujao, basi iwe hivyo, na kila mmoja apigiwe makofi yake.

Ikishatolewa, beji inashonwa. Wazazi wengi huimaliza kazi hiyo usiku mtoto amelala, kwa nia njema kabisa. Nawaomba wamwachie. Mtungie uzi kwenye sindano kama tundu linamshinda, bana beji kwa pini isihame, kisha mwache apitishe mshono ukingoni. Utakwenda upande. Kona moja itainuka, na akiona inamkera ataifumua mwenyewe na kuirudia.